Kozi za Mtandaoni Katikati ya Malori ya Malaba

Vijana wa hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakijua kwamba nilisoma uchambuzi wa data huku nikiwa kazini, huniuliza kozi ipi ni nzuri. Wanataka jina lake, wanataka kujua kama ni ya bure, halafu wanataka kujua kama cheti kinakubalika Kampala. Huwa nawajibu ninavyoweza. Ila kwangu mimi kozi ilikuwa nusu tu ya mambo, na nusu ndogo pia. Aliyenifundisha kwelikweli ni daftari la mlinzi wa geti letu, na nitalifikia.

Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, upande wa Uganda. Mpaka hauna usiku wala mchana, unafanya kazi saa 24, na lori likikwama saa nane za usiku kwa karatasi iliyokosekana, anayepigiwa simu ni mimi. Waliotutangulia wanaisimulia Malaba ya kabla ya 2014 kama watu wanaosimulia harusi ya tajiri. Entri za mizigo ya Uganda, yaani fomu za kuitangaza mizigo forodhani, ziliandikwa hapahapa, kodi ikahesabiwa hapahapa, malori yakalala hapahapa, na kila chumba kinachotazama barabara kilikuwa ofisi ya wakala. Kisha ikaja Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo wa Uganda ukawa unaandikiwa entri na kulipiwa kodi ungali bandarini Mombasa, na karani akaweza kukaa Kampala akamaliza kila kitu kwenye kompyuta. Mfanyabiashara alipata nafuu, sibishi. Lakini ofisi nyingi za huku mpakani zilifunga, na sisi tuliobaki tulielewa kwamba kujua kujaza entri peke yake hakutatufikisha uzeeni.

Msukumo wenyewe ulikuja 2020, wakati wa korona. Madereva walikuwa wakipimwa mpakani na kusubiri majibu, na foleni upande wa Kenya ikaenda kilomita na kilomita. Bosi ana malori machache ya kwake. Kila asubuhi alikuwa akiingia ofisini na swali moja: yako wapi, na yamechelewea wapi? Tulikuwa tukimjibu kwa kukisia. Mmoja alisema forodha, mwingine alisema vipimo, mwingine akawasingizia madereva. Taarifa zilikuwepo, zimejaa kwenye madaftari na kwenye faili za Excel za miaka, ila hakukuwa na mtu ofisini aliyejua kuzisemesha.

Nikaanza na Excel. Kozi yenyewe inaitwa Excel Skills for Business, ya Chuo Kikuu cha Macquarie cha Australia, na iko Coursera, ile tovuti iliyoanzishwa 2012 na Andrew Ng na Daphne Koller, wahadhiri wa Stanford. Nilikuwa natumia Excel kila siku ya Mungu, kwa hiyo niliingia nikidhani sehemu za mwanzo nitaziruka. Sikuruka. Mambo ya kufunga safu ya juu isipotee ukishuka chini, au kugeuza orodha kuwa jedwali linalokua lenyewe, hakuna mtu aliyewahi kunionyesha, na yameniokolea muda kuliko mengi ya fahari niliyoyasoma baadaye.

Kuhusu muda, ushauri uliojaa mitandaoni ni wa kuamka saa kumi alfajiri. Unawafaa watu wanaolala saa nne usiku. Mtu wa zamu huo ni wa kumuua. Mimi niligawa masomo kwa kadiri ya uchovu. Video nilizishusha kwenye programu ya simu nikiwa na bando la bei nafuu la usiku, nikazitazama nikisubiri lori litoke. Maandishi ya video niliyasoma ndani ya matatu nikienda Tororo. Mazoezi yanayohitaji laptopu na akili iliyotulia yalingoja siku ya mapumziko, hata kama ni mara moja kwa wiki. Na saa za mwisho za kukabidhi kazi zilikuwa upande wetu: mfumo uliniwekea Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za California, ambayo kwetu ni Jumatatu saa nne kasoro dakika moja asubuhi, au saa tano kasoro dakika moja kukiwa na baridi kwao. Natoka zamu ya Jumapili, nakunywa chai na chapati, natuma jaribio, nalala. Hata ukichelewa, tarehe zinasogezwa kwa kubofya tu na hakuna anayekukata alama. Laiti watu wangelijua hilo mapema. Nimeona wengi wakiacha kozi kwa aibu ya tarehe iliyopita, na hakuna aliyekuwa akiwadai.

Ila tusidanganyane kwamba ratiba ndiyo iliyonivusha. Waliotoa muda ni watu. Kuna mzee mmoja ofisini, karani wa zamani kuliko sisi sote, hapendi kompyuta hata kuiona. Tulikubaliana: yeye ashike zamu yangu ya Alhamisi usiku, mimi nimwingizie entri zake zote kwenye mfumo. "Wewe soma, mwanangu," alisema, "mimi hiyo mashine inaniumiza macho." Nyumbani mama watoto alinipa Jumamosi jioni, kwa sharti kwamba Jumapili asubuhi simu ikae kwenye kabati lake. Bila hao wawili, ningekuwa katika hesabu ya wale walioacha, na hao ni wengi ajabu. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science hesabu za kozi za mtandaoni za MIT na Harvard. Katika mwaka wa masomo wa 2017/18, waliomaliza walikuwa kama asilimia 3 ya waliojiandikisha, na zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakufungua hata somo la kwanza. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ana kozi kumi, muulize amemaliza ngapi.

Sasa intaneti. Nilipoanza, ukitaka kuingia WhatsApp au Facebook ilikuwa lazima kwanza ulipe shilingi 200 za siku, ile kodi ya mitandao ya kijamii iliyoletwa Julai 2018. Sisi tuliokuwa na kikundi cha kusomea WhatsApp, mmoja wetu akiwa upande wa Kenya, tulikuwa tunalipia kodi ili kuulizana maswali ya Excel. Julai 2021 kodi hiyo ikafutwa, ikaja ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Sheria iliacha nje intaneti ya huduma za afya na elimu. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Karani anayenunua bando la usiku kibandani, nani atamtambua kwamba anasoma?

Na katikati ya kodi hizo mbili kuna Januari 2021. Siku moja kabla ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa imezimwa siku kadhaa. Kampala watu walikaa gizani. Malaba tuna bahati ya jiografia: mtandao wa Kenya unavuka mto bila pasipoti. Karibu kila mtu hapa ana laini mbili, ya huku na ya Safaricom, na ukisogea upande wa mto simu inashika vizuri. Wiki hiyo ukingo wa Mto Malaba ulijaa watu wameinua simu, wengi wakiwa makarani wa mizigo wanaotafuta barua pepe za wateja. Nilipandisha zoezi langu huko, nimekaa juu ya tairi kuukuu, laptopu magotini. Stima nayo ina mambo yake, lakini hilo kila msomaji analijua. Nunua betri ya akiba, basi.

Pesa. Mwaka 2021 Google walitoa kozi yao ya uchambuzi wa data humohumo Coursera, na bei ya Marekani ilikuwa dola 39 kwa mwezi. Kwa mshahara wangu hiyo ni ada ya shule ya mtoto. Kuna msaada wa ada, na nashangaa bado kuna wasioutumia. Nilipoomba mimi, uliombwa ueleze hali yako na kozi itakusaidiaje, kwa maneno yasiyopungua 150, ulisubiri kama wiki mbili, na ukikubaliwa ulipata siku 180 za kumaliza. Unaomba kwa kila kozi peke yake, kwa hiyo mwenye akili huomba ya pili akiwa bado kwenye ya kwanza. Watu huandika maombi yale kama barua ya kuomba kazi serikalini, yamejaa heshima na hayasemi kitu. Mimi niliandika mshahara wangu, kodi ya nyumba, bei ya bando, na swali la bosi la kila asubuhi. Nilikubaliwa kila nilipoomba.

Kozi ya Google ni nzuri, ila inaishi Marekani. Kazi ya mwisho ni ya kampuni ya kubuni ya kukodisha baiskeli mjini Chicago, yenye baiskeli 5,824 na vituo 692. Unatakiwa utafute tofauti kati ya wanachama wa mwaka na wanaokodi mara mojamoja. Nikafanya. Nje ya dirisha langu vijana walikuwa wakibeba abiria kwa baiskeli kuvuka mpaka, bila kituo wala uanachama, na mimi nimeinama nahesabu watu wa Chicago huendesha dakika ngapi siku ya Jumamosi. Nilipata alama nzuri. Wiki mbili baadaye ungeniuliza nilichogundua, nisingekumbuka.

Ndipo nikaenda kuazima daftari la geti.

Ni daftari kubwa la mistari, jalada jeusi, lina madoa ya chai. Mlinzi huandika namba ya lori, jina la dereva, mzigo, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Niliingiza kurasa za miezi kadhaa kwenye Excel, nikaweka safu ya muda lori lililokaa uani. Nusu ya safu ikajaa alama za #####. Excel hufanya hivyo ukiilazimisha kuonyesha muda ulio hasi, yaani malori yangu yalikuwa yametoka kabla hayajaingia.

Ilinichukua muda kuelewa. Mlinzi wa mchana anaandika saa anavyozisema: lori limeingia saa 3, yaani saa tatu asubuhi. Dereva akitoka, wakati mwingine anaandika mwenyewe, akitazama simu yake: 11:20. Mwingine anaandika 14:00. Kwenye ukurasa mmoja kuna hesabu mbili za saa zilizopishana kwa saa sita, na mchana na usiku havikutenganishwa. Kusahihisha ile tofauti ni rahisi, kwa Excel siku nzima ni 1, kwa hiyo saa sita ni 0.25, unaongeza basi. Shida ni kujua uongeze wapi. Hapo hakuna fomula. Nilirudi kwa walinzi wenyewe na daftari mkononi, tukakaa kwenye benchi. Mlinzi wa usiku akanionyesha mwandiko wake, mkubwa na umelala upande, kwa sababu anaandikia tochi ikiwa mdomoni. Nikajua kila mstari uliolala ni wa usiku. Halafu akaniambia jambo ambalo kama nisingemuuliza lingeharibu kila kitu: akiingia zamu anaandika tarehe juu ya ukurasa mara moja, haibadilishi hadi kunakucha. Lori lililoingia saa tisa usiku wa kuamkia Jumatano, kwake ni la Jumanne.

Hakuna video iliyonifundisha hayo. Kozi ilikuwa imenipa jina lake, kusafisha data, na kusema kwamba huchukua sehemu kubwa ya kazi ya mchambuzi. Nilikuwa nimejibu swali hilo kwenye jaribio, nikapata. Lakini kujua kwamba inabidi umwendee mwenye kalamu umuulize aliandika akiwa amekaa wapi, hilo nililipata kwenye benchi la geti. Namba za malori nazo zilikuwa na vituko vyao, mara zina nafasi katikati, mara hazina, 1 imegeuka I, na mchele ulikuwa na majina matano. Hayo niliyamaliza kwa SQL, lugha ya kuuliza na kupanga data, kwenye BigQuery, ghala la data la Google mtandaoni, ile ya bure isiyotaka kadi ya benki. Angalizo kwa watakaoitumia: katika ile ya bure, jedwali linajifuta baada ya siku 60. Weka nakala yako pembeni.

Majina ya wateja niliyatoa kabla ya kupandisha chochote, nikaweka namba mahali pake. Uganda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, na hata kama isingekuwepo, siri ya mteja ndiyo mtaji wa wakala wa forodha. Nimeona wanafunzi wenzangu wakipandisha faili za ofisi zao mtandaoni na majina na simu za watu, wakijivunia kazi. Ningekuwa bosi wao ningewafukuza.

Matokeo yakatoka. Nilitengeneza mchoro wa rangi, nikampelekea bosi. Akautazama, akanywa maji, akasema, "Kwa hiyo nifanye nini?"

Sikuwa na jibu la mara moja. Mchoro ulionyesha wastani wa kukaa uani, na wastani ulikuwa mkubwa kwa sababu ya lori moja lililoharibika gia na kukaa majuma. Nikarudi nikapanga malori yote kwa mstari, kuanzia la haraka hadi la kuchelewa, nikatazama la katikati. Picha ikabadilika: mengi yalikuwa yanatoka siku ileile. Yaliyochelewa yalikuwa kundi lenye tabia moja. Si foleni ya forodha, kama tulivyokuwa tukisema miaka yote. Ni malori yaliyofika Ijumaa alasiri huku uzito kwenye ankara ukipishana na uzito kwenye karatasi ya usafirishaji, na mtu wa kusahihisha kule kiwandani ameshakwenda nyumbani hadi Jumatatu. Safari ya pili nilimpelekea bosi karatasi yenye sentensi mbili: karatasi za mzigo zipigwe picha na kutumwa kwetu lori likiwa bado linapakia, na Ijumaa lisiondoke lori ambalo hatujalipitisha. Alisoma, akachukua simu papo hapo akapiga kiwandani. Tangu siku hiyo sijampelekea mchoro bila sentensi.

Kuhusu cheti, niseme wazi kwa wale wanaouliza. Niliwahi kuitwa Kampala kwenye usaili wa kampuni moja ya usafirishaji. Tangazo lao lilitaka shahada, mimi nina diploma, na waliniita kwa sababu ya barua niliyosimulia humo hadithi ya geti. Mwenyekiti wa jopo alikifunua cheti cha Google akapita bila kusimama. Akafika kwenye ukurasa nilioweka jedwali la malori, akaniuliza zile saa sita nilizigunduaje. Tulizungumza hilo karibu usaili wote, akicheka, kwa kuwa na kwao madereva huandika vilevile. Kazi alipewa mwenye shahada. Sikuona ajabu. Lakini nilirudi Malaba nikamwomba bosi nyongeza, nikiwa na ile karatasi na hesabu ya siku ambazo malori yake yameacha kulala bure, na alinipa, si yote niliyoomba.

Mwaka huu nimejiandikisha kozi ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Safari hii sikuomba msaada wa ada. Ofisi italipa nusu na mimi nusu. Bosi kabla ya kutia saini alitaka nimwambie kwanza ni karatasi ipi ya ofisi nitaisomea, maana mambo ya Chicago hayamhusu. Nimemtajia risiti za mafuta. Madereva wameshasikia, na mmoja wao, wa njia ya Mombasa, ameacha kunisalimia.